Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Akaunti za Huduma na Makosa ya Ruhusa kwenye Seva ya Ofisi Ndogo

Majibu haya yanazihusu ofisi zenye seva moja ya Windows Server, au pengine mbili, ambayo kwa wakati mmoja inasimamia kikoa (domain, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja), inatunza faili za ofisi na inaendesha hifadhidata ya programu ya hesabu. Katika mifano, kikoa kinaitwa OFISI, seva inaitwa SEVA01 na akaunti ya huduma inaitwa svc-hesabu. Weka majina yako mahali pa hayo. Maandishi ya Kiingereza yanayoonekana kwenye skrini yameachwa kama yalivyo ili uyatambue ukiyakuta.

## Mambo ya msingi

1. Akaunti ya huduma ni nini, na inatofautianaje na akaunti ya mtu?

Seva huendesha programu nyingi ambazo hakuna mtu anayezifungua: hifadhidata, kazi ya kuchukua nakala rudufu, kingavirusi, huduma ya kuchapisha. Kila moja lazima iwe na jina ambalo Windows italitumia kuamua inaruhusiwa kufanya nini. Jina hilo ndilo akaunti ya huduma.

Zipo za aina kadhaa. `LocalSystem` ina nguvu karibu zote kwenye mashine yenyewe. `LocalService` na `NetworkService` zina nguvu ndogo. Ya kwanza ikitoka kwenye mtandao haijitambulishi, ya pili hujitambulisha kwa jina la kompyuta. Tangu Windows Server 2008 R2 zipo pia akaunti pepe zinazoanza na `NT SERVICE\`, ambazo mfumo huziunda wenyewe na hazina nywila ya kukumbuka. Mwisho ipo akaunti ya kawaida, kama `OFISI\svc-hesabu`, ambayo mtu ameiunda na kuipa nywila. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa hutokana na aina hii ya mwisho.

2. Kuna tofauti gani kati ya haki na ruhusa?

Haki huhusu mfumo mzima: je, akaunti hii inaruhusiwa kuingia kama huduma, au kama kazi iliyopangwa, au kwa kuketi mbele ya seva? Ruhusa huhusu kitu kimoja: folda hii, faili hii, ufunguo huu wa rejista (registry, hazina ya mipangilio ya Windows). Mlinzi anaweza kukuruhusu upite getini, na bado ukafika stoo ukakuta huna ufunguo. Huduma isiyo na haki haianzi kabisa; huduma yenye haki lakini isiyo na ruhusa huanza, kisha hukwama inapogusa faili. Ukishajua uko upande upi, nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa kurekebisha ruhusa za folda kwa huduma iliyokosa haki ni kupoteza mchana mzima.

3. Nitajuaje huduma inaendeshwa na akaunti ipi?

Fungua `services.msc`, kisha usome safu ya `Log On As`. Kwa amri, andika `sc.exe qc` ikifuatiwa na jina la huduma, na usome mstari wa `SERVICE_START_NAME`. Usiache kuandika `.exe` ukiwa ndani ya Windows PowerShell 5.1: humo `sc` peke yake ni jina fupi la amri ya kuandika faili, na badala ya kupata jibu utajikuta umeunda faili inayoitwa `qc`.

4. Namba za makosa zina maana gani?

Namba ndiyo ushahidi, na ujumbe mrefu unaoifuata mara nyingi ni mapambo. Kosa 1069 lina maana kwamba huduma ilishindwa kuingia kwa akaunti yake, kwa hiyo tatizo ni nywila, hali ya akaunti au haki. Kosa 5 lina maana ya kukataliwa kufikia kitu. Kosa 1297 linasema akaunti haina mojawapo ya haki maalumu ambazo huduma imetangaza kuzihitaji. Kosa 1068 linasema huduma nyingine inayotegemewa haikuanza, kwa hiyo mgonjwa ni huyo mwingine. Kosa 32 halihusu ruhusa hata kidogo: faili imeshikwa na programu nyingine.

Kosa 1053, linalodai kwamba huduma haikujibu kwa wakati, hupotosha wengi. Wakati mwingine programu imekataliwa kuandika kwenye folda yake ya kumbukumbu, ikafa kimya, na Windows ikangoja sekunde zake 30 bila jibu.

5. Kwa nini nisiiingize tu akaunti kwenye kundi la wasimamizi?

Kwa sababu kosa litaondoka na hutajua lilikuwa nini. Zaidi ya hapo, kwenye seva inayosimamia kikoa, mwanachama wa `Domain Admins` anatawala kila kompyuta ya ofisi. Programu ya hesabu ikiwa na tundu, atakayepenya humo amepata ofisi nzima. Tena, nywila ya huduma huhifadhiwa ndani ya seva, na mtu mwenye mamlaka ya msimamizi juu ya mashine hiyo anaweza kuichimbua. Kumpa `Everyone` ruhusa ya `Full Control` kwenye folda ni kosa la ukoo huohuo.

Kuiweka kwenye kundi hilo kwa dakika chache ili kuthibitisha kwamba tatizo ni ruhusa kunavumilika, mradi iondolewe kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Njia iliyoelezwa katika swali la 13 hutoa jibu lilelile pamoja na jina la faili, kwa hiyo ni afadhali kuanza nayo.

## Huduma inapokataa kuanza

6. Napata kosa 1069. Nianzie wapi?

Anzia kwenye `Event Viewer`, chini ya `Windows Logs`, sehemu ya `System`. Tukio namba 7000 litakwambia tu kwamba huduma imeshindwa. Yanayofaa ni yale yaliyo jirani nalo. Tukio 7038 lina maana kwamba akaunti haikuweza kuingia kwa nywila iliyowekwa. Tukio 7041 lina maana kwamba akaunti haina haki ya `Log on as a service`.

Ukitaka undani zaidi, nenda sehemu ya `Security` utafute tukio 4625 lenye `Logon Type` 5, yaani jaribio la kuingia kama huduma. Humo mna namba za `Status` na `Sub Status`; isome ile iliyo katika orodha hii, kwani kila namba ina maana moja: `0xC000006A` nywila si sahihi, `0xC0000071` nywila imeisha muda, `0xC0000072` akaunti imezimwa, `0xC0000193` akaunti imeisha muda, `0xC0000234` akaunti imefungwa, na `0xC000015B` aina hiyo ya kuingia haijaruhusiwa. Namba hiyo moja hufuta mabishano yote ya nani alibadilisha nini.

7. Huduma ilikuwa ikifanya kazi miezi mingi. Umeme ulikatika, seva ikawashwa tena, sasa haitaki. Umeme umeharibu nini?

Kwa kawaida, hakuna. Nywila na haki ya kuingia huangaliwa huduma inapoanza. Ikishaanza, itaendelea kufanya kazi wiki hata miezi hata kama nywila imebadilishwa, au haki imeondolewa. Kukatika kwa umeme, au sasisho la kila mwezi linalolazimisha seva kujiwasha upya, hufichua tu badiliko lililofanyika zamani. Kwa hiyo usiulize kilichotokea leo asubuhi. Uliza nani alibadilisha nywila au sera tangu mara ya mwisho seva ilipowashwa.

Katika kikoa kipya ambacho sera yake haijaguswa, nywila huisha muda baada ya siku 42. Akaunti ya huduma iliyoundwa bila mtu kufikiria jambo hilo itafika siku hiyo bila kelele, na itakwama seva itakapowashwa upya. Weka nywila mpya kwenye kikoa, kisha kwenye kichupo cha `Log On` cha huduma yenyewe, kisha uianzishe. Kwa suluhisho la kudumu, tazama swali la 17.

Kuna hali moja ambayo umeme huhusika kweli. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, saa ya seva hurudi nyuma sana umeme unapokatika, na Kerberos, mfumo ambao kikoa hutumia kuthibitisha akaunti, kwa kawaida haikubali tofauti inayozidi dakika 5 kati ya kompyuta mbili. Huduma inayotegemea seva ya pili itakataliwa ingawa nywila ni sahihi. Angalia hali kwa `w32tm /query /status`, sahihisha saa, na ununue betri.

8. Nimeipa akaunti haki ya kuingia kama huduma, ikaanza. Baada ya muda haki imetoweka. Nani anaiondoa?

Sera ya kundi (Group Policy), yaani mipangilio ambayo kikoa huzilazimisha kompyuta zake kuifuata. Unapoweka akaunti kupitia `services.msc`, Windows huiongezea haki hiyo papo hapo katika sera ya mashine yenyewe. Lakini kama ipo sera ya kikoa inayotaja orodha ya wenye haki hiyo, orodha ya kikoa hufuta ya mashine bila kuchanganya majina. Kwenye kompyuta za kawaida za kikoa sera husomwa upya kila baada ya dakika 90 au zaidi kidogo. Kwenye seva inayosimamia kikoa ni kila dakika 5. Mipangilio ya usalama, hata isipobadilika, hupigwa upya kila baada ya saa 16. Ndiyo maana marekebisho ya jioni huonekana kushikilia, kisha kesho yanakosekana.

Dalili nyingine ya hali hii ni kufungua `secpol.msc` na kukuta kitufe cha kuongeza mtumiaji kimefifia. Ofisi nyingi ndogo zina seva moja tu ambayo ndiyo inayosimamia kikoa, na hapo mahali pa kurekebisha ni `Default Domain Controllers Policy` ndani ya `gpmc.msc`. Kama hujui ni sera ipi inayohusika, andika `gpresult /h C:\ripoti.html`, fungua ripoti hiyo na utafute `Log on as a service`. Jina la sera inayoshinda limeandikwa pembeni.

Unapohariri orodha hiyo, kuwa mwangalifu. Kwa kawaida kundi `NT SERVICE\ALL SERVICES` huwa na haki hii, na ndilo linaloziwezesha akaunti pepe zote kuanza. Mtu akitengeneza orodha mpya yenye jina moja tu, la `svc-hesabu`, amewafukuza wengine wote. Matokeo yake hayaonekani siku hiyo, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 7. Yataonekana seva itakapowashwa upya, ambapo SQL Server Express, Windows Internal Database na huduma nyingine zitakataa kwa pamoja. Ongeza majina, usianze orodha upya.

Hakikisha pia akaunti haimo katika `Deny log on as a service`, kwa sababu katazo hilo huishinda haki.

9. Akaunti ya huduma inafungwa tena na tena. Nifanye nini?

Kuna mahali ambapo nywila ya zamani bado inatumika. Kwenye seva ya kikoa, tafuta tukio 4740. Limetaja kompyuta ambayo majaribio yanatoka. Nenda kwenye kompyuta hiyo ukague huduma, kazi zilizopangwa, na nywila zilizohifadhiwa katika `Credential Manager`. Kuifungua akaunti bila kutafuta chanzo kutakupa nafuu ya dakika chache tu.

## Huduma imeanza, lakini haifikii faili

10. Mimi ni msimamizi, lakini SQL Server inakataa kuandika nakala rudufu kwa `Operating system error 5`. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu anayeandika faili si wewe. Unapobofya `Back Up`, unaiagiza hifadhidata ifanye kazi hiyo, nayo huiandika faili kwa jina la akaunti yake. Ruhusa zako kwenye `D:\Bekapu` hazihusiki, hata uwe na nguvu kiasi gani.

Kwa SQL Server Express iliyosakinishwa kwa mipangilio ya kawaida, akaunti hiyo ni `NT SERVICE\MSSQL$SQLEXPRESS`. Kwa toleo kamili ni `NT SERVICE\MSSQLSERVER`. Fungua `Properties` za folda, kichupo cha `Security`, bofya `Edit` kisha `Add`. Hapa ndipo wengi hukwama: bofya kwanza `Locations` uchague SEVA01 badala ya kikoa, kisha andika jina lote kwa mkono, kwani ukilitafuta kwenye orodha halitatokea. Likikubaliwa, mpe `Modify` na ujaribu tena.

Nakala ikienda kwenye folda ya kompyuta nyingine, akaunti pepe hujitambulisha huko kwa jina la kompyuta, yaani `OFISI\SEVA01$`. Ruhusa ipewe jina hilo, na kwenye dirisha la kutafuta lazima uweke tiki kwenye `Computers` ndani ya `Object Types`, la sivyo jina litakataliwa.

Jambo jingine kuhusu SQL Server: ukihitaji kubadilisha akaunti yake, tumia SQL Server Configuration Manager. Chombo hicho hurekebisha pia ruhusa za faili na rejista ambazo `services.msc` haizijui, na ukipita njia ya mkato utarudi kwenye ukurasa huu na kosa jipya.

11. Ruhusa ya folda iko sawa. Kwa nini huduma ya kompyuta nyingine bado inakataliwa?

Folda ya pamoja ina ruhusa za tabaka mbili: za mgao wenyewe, kichupo cha `Sharing`, na za diski, kichupo cha `Security`. Anayekuja kupitia mtandao hupewa ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kama mgao unasema `Read` tu, kuongeza `Full Control` kwenye diski hakusaidii.

Ikiwa njia ya faili imeandikwa `Z:\Hesabu`, tatizo si ruhusa. Herufi ya diski ya mtandao ni ya mtu aliyeingia na kuiunganisha, huduma haiioni. Andika `\\SEVA01\Hesabu`.

Na ikiwa umeingiza akaunti kwenye kundi jipya sasa hivi, anzisha huduma upya. Orodha ya makundi huchukuliwa mara moja wakati wa kuingia.

12. Kuna njia gani salama ya kutoa ruhusa kwa folda yenye maelfu ya faili?

Hifadhi kwanza hali iliyopo: `icacls D:\Hesabu /save C:\ruhusa.txt /t /c`. Kisha toa kinachohitajika tu: `icacls D:\Hesabu /grant "OFISI\svc-hesabu:(OI)(CI)M"`. Herufi M ni ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta. Alama mbili zilizotangulia huifanya irithiwe na faili na folda za ndani. Mambo yakiharibika, kurudisha hufanywa kwenye folda mama: `icacls D:\ /restore C:\ruhusa.txt`. Ukiandika `D:\Hesabu` katika amri hiyo ya mwisho itashindwa, na ni kosa linalowapata watu wakiwa tayari wana hofu.

13. Programu inasema tu imekataliwa, haitaji faili. Nitaijuaje?

Tumia Process Monitor, chombo cha bure cha Sysinternals kutoka Microsoft. Kifungue kama msimamizi, weka kichujio cha `Result` kiwe `ACCESS DENIED`, kisha anzisha huduma. Ongeza safu ya `User` ili uone ni akaunti ipi iliyokataliwa, na usome `Desired Access` katika maelezo: kama kilichoombwa ni kufuta, kutoa ruhusa ya kuandika peke yake hakutatosha.

Usishtuke ukiona mistari michache ya kukataliwa hata kwa programu isiyo na tatizo. Programu nyingi hujaribu kufungua kitu kwa nguvu zote, zikikataliwa huomba kidogo. Mstari unaotafutwa ni ule wa mwisho kabla programu haijafunga. Mistari ya `NAME NOT FOUND` iache.

## Hali zisizo za kawaida

14. Ruhusa zote ni sahihi, nimezikagua mara mbili, bado ni kosa 5.

Angalia mambo ambayo hayaonekani kwenye orodha ya ruhusa. Faili yenye alama ya `Read-only` hukataa kuandikwa kwa namba hiyohiyo. Faili iliyosimbwa na mtumiaji mwingine kwa EFS, njia ya Windows ya kusimba faili, hukataa kusomwa hata na msimamizi. Kwenye Windows Server 2019 na matoleo ya baadaye, kinga ya Defender iitwayo `Controlled folder access`, ikiwa imewashwa, huzuia programu isiyoiamini isiandike kwenye folda zilizolindwa, na huacha tukio 1123 kwenye kumbukumbu za Defender.

Kama huduma inafungua anwani ya wavuti, huenda kinachokataliwa si faili bali anwani yenyewe. Huduma inayotumia HTTP ya Windows bila kuwa msimamizi huhitaji kutengewa: `netsh http add urlacl url=http://+:8080/ user=OFISI\svc-hesabu`.

Kagua vilevile mistari ya `Deny`. Katazo lililowekwa moja kwa moja kwenye folda hushinda kila ruhusa, ila katazo la kurithi hushindwa na ruhusa iliyowekwa moja kwa moja, jambo linalowashangaza hata wazoefu.

15. Tumehamisha diski kutoka seva ya zamani, na kwenye ruhusa naona namba ndefu zinazoanza na `S-1-5-21`.

Hizo ni akaunti za mashine au kikoa cha zamani ambazo seva mpya haizijui. Akaunti mpya yenye jina lilelile si akaunti ileile. Ina namba yake. Toa ruhusa upya kama ilivyo katika swali la 12, ukishahakikisha kila kitu kinafanya kazi ndipo ufute namba zilizoachwa yatima. Namba fupi `S-1-5-18`, `S-1-5-19` na `S-1-5-20` zisiguswe: ni LocalSystem, LocalService na NetworkService.

Angalizo la karibu na hilo: faili iliyohamishwa ndani ya diski ileile hubaki na ruhusa zake, bali iliyonakiliwa huchukua za folda mpya.

16. Kazi iliyopangwa inashindwa, ingawa huduma yenye akaunti hiyohiyo inafanya kazi.

Kazi zilizopangwa hutumia haki tofauti, `Log on as a batch job`. Ukiona `0x80070569` haki hiyo haipo. `0x8007052E` ni jina au nywila. `0x80070005` ni ruhusa ya kitu. Maelezo ya swali la 8 kuhusu sera ya kundi yanahusu haki hii pia.

17. Je, naweza kuacha kabisa kushughulika na nywila za huduma?

Ndiyo, kwa akaunti za huduma zinazosimamiwa na kikoa, ambazo aina yake ya kundi (group Managed Service Accounts), inayoweza kutumiwa na seva zaidi ya moja, ilikuja katika Windows Server 2012. Kikoa huzibadilishia nywila chenyewe kila siku 30. Kwanza huundwa ufunguo kwa `Add-KdsRootKey`, na baada ya hapo hungojwa saa 10 kabla akaunti ya kwanza haijatumika. Ukishaiunda akaunti kwa `New-ADServiceAccount`, isakinishe kwenye seva kwa `Install-ADServiceAccount`, ijaribu kwa `Test-ADServiceAccount`, na ukiiweka kwenye huduma andika jina lake likimalizikia na alama ya `$`, sehemu ya nywila ikiwa tupu.

Tatizo ni kwamba si kila programu inazikubali. QuickBooks, kwa mfano, huunda akaunti yake yenyewe yenye jina linaloanza na `QBDataServiceUser`, na ni busara kuiacha ilivyo. Kwa programu za aina hiyo, na kwa zile zinazodai jina na nywila wakati wa kusakinishwa, tumia akaunti ya kawaida yenye nywila ndefu isiyoisha muda, na uikataze kuingia kwa kuketi mbele ya seva au kwa Remote Desktop.

18. Nina mamia ya matukio 10016 ya DCOM (njia ya programu za Windows kuitana) yanayozungumzia ruhusa. Nirekebishe?

Hapana, kama hakuna kinachokwama. Microsoft yenyewe inashauri matukio hayo yaachwe, na kuyanyamazisha kwa kubadilisha umiliki wa funguo za rejista huleta madhara kuliko faida.